Maumivu baada ya kupasuliwa moyo: dawa nyumbani, saa kwa saa

Papa, baba yangu, alitua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, siku ya kumi na sita baada ya kupasuliwa moyo India. Alikuwa na bahasha ya karatasi za Kiingereza, mfuko wa plastiki wenye dawa za aina tisa, na mto mdogo mwekundu aliopewa hospitalini, ambao alikataa mtu yeyote ambebee. Mimi ni muuza dawa. Huu ni mwaka wa kumi na moja nasimama nyuma ya kaunta ya farmasi ndogo katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na vidonge vya maumivu ndivyo vinavyotoka kuliko kitu kingine chochote. Lakini kuuza dawa ni kazi moja, kumnywesha mgonjwa wako mwenyewe usiku na mchana ni kazi nyingine kabisa.

Naandika kwa ajili ya yule aliyeletewa mgonjwa nyumbani, awe ametoka India, Afrika Kusini, Zambia au kwingineko, na sasa daktari aliyempasua yuko mbali. Ordonansi yako, ile karatasi ya dawa aliyoandika daktari, ndiyo inayotangulia. Ukikuta nimesema tofauti nayo, fuata ordonansi, kisha mpigie daktari umuulize sababu. Vipimo ninavyotaja ni vya mtu mzima. Watoto waliopasuliwa moyo wana hesabu yao ya kilo, na hiyo ni ya daktari peke yake.

Usimuulize "inauma?"

Ili kuufikia moyo, mara nyingi daktari hukata mfupa wa katikati ya kifua kuanzia juu hadi chini, halafu huufunga kwa waya za chuma zinazobaki humo. Mfupa unahitaji wiki sita hadi nane kushikana, na kama miezi mitatu kukomaa. Katika muda huo, kila kikohozi, kila chafya na kila kugeuka kitandani kunavuta pale pale.

Mtu anayeumwa kifua anapumua juu juu. Hakohoi, maana kikohozi kinamchoma. Makohozi yanatulia chini ya mapafu, na baada ya siku chache una nimonia juu ya upasuaji. Hatembei, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa hiyo dawa ya maumivu, kwa mgonjwa wa moyo, ni dawa ya mapafu na ya miguu. Tunampa ili apumue, akohoe, atembee.

Papa alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, miaka thelathini. Ukimuuliza "inauma?" anajibu "hapana", huku jasho linamtiririka na vidole vimekamata ukingo wa kitanda. Wazee wetu wengi wako hivyo. Nikaacha kuuliza. Nikaanza kusema: "Papa, kumbatia mto, kohoa nione." Akikohoa kwa nguvu, dawa inatosha. Akitoa kisauti kidogo cha kooni tu, haitoshi, hata akiapa kwamba haumwi. Vipimo vyangu vilikuwa vitatu: pumzi ndefu kumi mfululizo, kikohozi kimoja cha kweli, na kutembea kutoka mlangoni hadi lango la lupango (ua wa nyumba) na kurudi. Kama hospitali ilikufundisha kipimo cha 0 hadi 10, kitumie pia. Wengi hulenga maumivu yabaki 3 au 4 akiwa ametulia. Sifuri usiitafute, haipatikani wiki za mwanzo bila kumlaza mtu kama gogo.

Mwaga mfuko mezani

Siku ya kwanza, kabla hajameza chochote, toa dawa zote uzipange mezani na ordonansi pembeni. Usisome jina kubwa la mbele, hilo ni jina la kampuni. Geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma, pale panapotajwa dawa yenyewe na miligramu zake. Liandike jina hilo kwa kalamu nene kwenye kila boksi.

Nilikaribia kukosea hapa hapa. Papa alikuja na vidonge vya rangi ya njano ambavyo sikuwahi kuviona Lubumbashi. Kwenye ordonansi viliandikwa kimoja hadi viwili kila baada ya saa sita, akiumwa. Mimi nilikuwa tayari nimemwekea Doliprane, yaani parasetamoli, ya miligramu 1,000 kwenye kisahani, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Nikageuza pakiti ile ngeni: tramadoli (dawa kali ya maumivu) miligramu 37.5, parasetamoli miligramu 325, zote ndani ya kidonge kimoja. Piga hesabu. Viwili mara nne kwa siku ni parasetamoli miligramu 2,600. Ongeza Doliprane nne, unafika 6,600. Mwisho wa mtu mzima mwenye afya ni 4,000. Ningemuunguza Papa ini kwa mikono yangu, nikiwa na cheti cha farmasi ukutani.

Parasetamoli imejificha kila mahali: kwenye dawa za mafua, kwenye vidonge vya kodeini, kwenye vile vya rangi rangi wanavyouza kwa ajili ya mgongo, ambavyo mara nyingi vimechanganywa na ibuprofeni au diklofenaki. Chagua chanzo kimoja ubaki nacho.

Ukishasoma, gawa dawa katika mafungu. Fungu la moyo: aspirini ndogo ya miligramu 75 au 100, dawa ya mafuta ya damu, ya presha, ya kukojoa, na kwa waliowekewa vali ya chuma, dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini au Sintrom. Hizi haziguswi, anywe akiumwa asiumwe. Aspirini ile ndogo si ya maumivu, inalinda mishipa. Usiiache ukidhani maumivu yamekwisha, na usiongeze aspirini kubwa ya miligramu 500 kwa sababu kichwa kinauma. Fungu la maumivu liweke kwenye kopo lake peke yake. Fungu la choo na tumbo, kopo la tatu.

Parasetamoli kwa saa

Watu hudharau parasetamoli. Dukani naambiwa kila siku: "Hiyo ya watoto, nipe ya nguvu." Ukweli ni kwamba watu huinywa vibaya. Wananywa kimoja maumivu yakishapanda, wanangoja, hawaoni kitu, wanaitupa. Ikinywewa kwa saa, usiku na mchana, bila kungoja maumivu, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa na kupunguza haja ya dawa kali.

Kawaida ya mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50 ni miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa sita, isizidi 4,000 katika saa 24. Mwenye chini ya kilo 50, mzee aliyekonda, mtu wa pombe, au mwenye ugonjwa wa ini, anahitaji pungufu ya hapo. Muulize daktari kiasi, usikisie. Na wagonjwa wengi wa moyo wanarudi wamekonda, kwa hiyo mpime kwenye mizani, usitegemee kilo alizokuwa nazo zamani.

Saa ziandike kwa tarakimu za simu: 06:00, 12:00, 18:00, 00:00. Nasema hivyo kwa sababu hapa kwetu lugha ya saa imechanganyika. Mama akisema "saa sita" anamaanisha mchana jua likiwa utosini. Mdogo wangu aliyesoma kwa Kifaransa anasikia saa sita ya asubuhi. Siku ya pili Papa alirukwa dozi moja kwa ajili ya neno hilo tu.

Ile ya usiku wa manane watu huiacha, wanaona huruma kumwamsha aliyelala. Kama amelala vizuri kweli, mwache, lakini jua kwamba alfajiri ataamka kifua kimekaza kama ubao, na itachukua saa nzima kumrudisha. Mimi nilikuwa namwamsha wiki ya kwanza, wiki ya pili nikaacha.

Kuna mambo matatu ambayo pakiti haikuambii vizuri. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vile vinavyochemka kwenye glasi, vina sodiamu nyingi. Baadhi vinabeba karibu miligramu 400 kila kimoja. Mtu aliyekatazwa chumvi akinywa vinne, amekula chumvi yake ya siku bila kugusa chakula. Mpe vya kumeza. La pili, parasetamoli inashusha homa, kwa hiyo inaweza kuficha homa ya kidonda kilichooza. Pima joto kabla ya dozi ya asubuhi na ya jioni, si baada. La tatu ni la wenye warfarini au Sintrom: parasetamoli kwa saa, siku kadhaa mfululizo, inaweza kupandisha INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, na kulegeza damu kupita kiasi. Ni salama kuliko dawa nyingine, ila mwambie daktari, na labo wapime INR mapema zaidi.

Tramadoli na ndugu zake

Tramadoli ina jina baya mjini kwetu, maana vijana wanajilevya nayo. Matokeo yake familia zinamficha mgonjwa dawa yake. Nimemwona mama mmoja anarudisha pakiti kaunta, anasema, "Mtoto wangu asije akawa mlevi." Mtoto wake alikuwa na wiki mbili tangu awekewe vali na alikuwa hawezi kukohoa. Dawa hii, kwa siku chache, kwa kiasi kilichoandikwa, kwa maumivu ya kweli, ina kazi yake. Vilevile kodeini, na kwa wachache, mofini.

Mpe pale parasetamoli ya saa imeshanywewa na bado hakohoi. Au mpe mapema kabla ya kazi ngumu: dakika 45 hadi saa moja kabla ya kuoga, kabla ya mazoezi ya kutembea, kabla ya safari ya kwenda kubadilisha bandeji kwenye barabara zetu za mashimo. Tramadoli ya kawaida ni miligramu 50 kila baada ya saa sita. Daktari anaweza kuruhusu zaidi, lakini isivuke 400 kwa siku, na kwa aliyepita miaka 75 isivuke 300. Mwenye kifafa, mwenye figo mbovu, na anayetumia dawa za huzuni, aseme kabla. Mwenye warfarini pia, kwa sababu nayo inaweza kupandisha INR.

Usiichanganye na Valium wala dawa nyingine ya usingizi, wala dawa za mzio zinazolaza. Na lutuku, pombe kali ya kienyeji, hata kikombe kimoja cha kumkaribisha mzee nyumbani, hapana. Vyote hivi vinalaza pumzi. Kabla ya kila dozi, muite jina. Akiitika na kuongea sawa, mpe. Akiwa anasinzia katikati ya maneno, usimpe, ngoja. Akiwa haamki ukimtikisa, anapumua chini ya mara kumi kwa dakika, au midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu umkimbize hospitali na pakiti mkononi.

Akisimama anaweza kuona kizunguzungu, zaidi kama yuko pia kwenye dawa za presha. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda ahesabu hadi thelathini. Kuanguka kifuani kabla mfupa haujashika ni balaa.

Halafu kuna choo. Hakuna anayekuambia, na kwa Papa ndicho kilichomtesa kuliko kidonda. Dawa hizi zinafunga tumbo. Siku ya nne Papa alikaa chooni nusu saa, ametoka amelowa, anashikilia kifua. Kukaza tumbo namna ile kunavuta mfupa na kupandisha presha. Siku anapoanza tramadoli ndiyo siku ya kuanza dawa ya choo, laktulosi au bisakodili au aliyoandika daktari. Usingoje afunge kwanza. Mpe papai, maharagwe, mboga, na maji, ila kama amewekewa kikomo cha maji kwa siku, heshimu kikomo hicho.

Na lavema, dawa ya kusukumwa kwa njia ya haja kubwa. Najua kila nyumba ina ile pira ya mpira na kila bibi ana mchanganyiko wake wa tangawizi, pilipili na mizizi. Kwa huyu mgonjwa, iweke kabatini. Unachoma utumbo, unamkamua maji mwilini, na kama damu imelegezwa na dawa, anaweza kutoka damu ndani usione.

Diklo

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya tano nilikuwa dukani. Baba mdogo alikuja kumwona Papa, akamkuta anaugulia mabega, akasema maneno ambayo mjini kwetu kila mtu anayajua: "Mumupatie diklo, itaisha leo leo." Wakamwita muuguzi wa kituo kimoja cha jirani, akaja na sindano, akamchoma tako. Hakuuliza kifua kimefunguliwa kwa ajili ya nini. Hakuomba ordonansi. Kesho yake akarudi, akachoma ya pili. Maumivu yaliisha kweli, Papa alilala kama mtoto. Asubuhi ya siku ya tatu viatu vyake vya nyumbani havikuingia. Mizani ikaonyesha kilo mbili na nusu zaidi, na mkojo ulikuwa mdogo, mweusi kama chai. Tukarudi hospitali, wakamwekea dawa ya kukojoa ya sindano, wakapima figo mara tatu wiki hiyo.

Diklofenaki, ibuprofeni, ketoprofeni, naproksini, piroksikamu, indometasini: hizi ni jamii moja. Zinazuia chumvi na maji visitoke, moyo uliotoka kushonwa unazidiwa na mzigo. Zinabana figo, na mgonjwa wa moyo tayari yuko kwenye dawa za presha na za kukojoa ambazo figo inapambana nazo. Zinachubua tumbo, na pamoja na warfarini au hata aspirini, tumbo linaweza kutoka damu. Ibuprofeni inaweza pia kuiziba aspirini ndogo isifanye kazi yake. Kwa waliopandikizwa mishipa ya moyo kama Papa (mshipa wa mguuni au wa kifuani hushonwa kupita palipoziba), jambo liko wazi zaidi: tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeamuru karatasi za dawa hizi zibebe onyo ndani ya boksi jeusi, kwamba zisitumike kwa maumivu ya upasuaji huo, kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Daktari wa moyo mwenyewe akiamua kumpa mgonjwa wake mmoja akimchunguza, ni shauri lake. Jirani, shemeji, na mimi muuza dawa, hatuna shauri hapo.

Sindano ya tako nayo ina tatizo lake hata isipokuwa diklo. Mtu wa warfarini akichomwa kwenye msuli, damu inaweza kujaa humo na kufanya uvimbe mkubwa. Chale ni hivyo hivyo.

Nilichofanya baadaye: nikaandika kwenye kartoni, kwa Kiswahili na Kifaransa, "Papa hatumii diklofenaki wala ibuprofeni. Hakuna sindano bila kunipigia", na namba yangu chini. Nikaibandika juu ya kitanda. Baba mdogo alinuna wiki mbili.

Mabega, mguu, na yale yasiyo ya kidonge

Papa alilalamikia mabega na katikati ya mgongo kuliko kifua. Hiyo ni kawaida: wakati wa upasuaji mbavu zinapanuliwa saa kadhaa, na misuli ya mgongo inakumbuka. Kwa hayo, kitambaa cha maji ya moto kilichokamuliwa, mgongoni tu, mbali na mshono, kinafanya kazi. Kuchua taratibu pia. Pomada zenye harufu kali ya mint, zile za kuchua wachezaji, nyingi zina salisilati, ndugu wa aspirini, ambayo inapenya ngozi na kugongana na warfarini. Na hakuna pomada yoyote inayokaribia kidonda.

Waliotolewa mshipa mguuni wataumwa na kuvimba mguu huo. Auinue juu ya stuli anapokaa. Upande wa kushoto wa kifua unaweza kufa ganzi au kuwaka kama pilipili imemwagika, pale mshipa wa ndani ya kifua ulipotumika. Kuwaka huko hakusikii sana parasetamoli. Kukiendelea wiki kadhaa, daktari ana dawa za mishipa ya fahamu; ni ordonansi nyingine.

Wanawake wenye matiti makubwa wanaumia zaidi, kwa sababu uzito unavuta mshono pande mbili, na watu wanaona haya kusema. Sidiria laini ya kufunga mbele, isiyo na waya, avae mchana na usiku. Inapunguza maumivu kuliko kidonge cha ziada.

Ule mto mwekundu: aukumbatie kila anapokohoa, kupiga chafya, kucheka, na ndani ya gari uwe kati ya kifua na mkanda. Kuamka kitandani, ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ndipo ainuke bila kujisukuma kwa mikono. Kubeba, wengi huambiwa wasizidi kilo nne au tano kwa wiki sita hadi nane. Bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Na kina mama, kusonga bukari (ugali) ya watu wanane kwa mwiko ule wa mbao ni kazi ya kifua kizima, apike mwingine. Pikipiki isubiri.

Kuhusu sombe na lengalenga, mboga za majani zinazoweza kugongana na dawa hiyo, kwa mwenye warfarini tu: asiziache, asizijaze ghafla. Kiasi kile kile kila wiki.

Daftari

Nunua daftari la shule la kurasa 48. Mistari ya Papa ya siku ya tisa niliinakili hapa jinsi ilivyokuwa:

06:00, joto 36.7, kilo 68.2. Parasetamoli 1 g. Kikohozi kidogo.
08:30, tramadoli 50. Saa 09:15 kaoga, kikohozi kizuri.
12:00, parasetamoli 1 g. Lango na kurudi mara 2.
18:00, joto 36.9. Parasetamoli 1 g. Choo ndiyo.
21:00, anaumwa 4. Hakutaka tramadoli.
00:00, amelala, sikumwamsha.

Kufikia hapo vile vya njano tulikuwa tumeviweka pembeni, kwa ruhusa ya daktari, tukitumia parasetamoli na tramadoli kila moja peke yake ili tujue nini kinaingia. Kila anayempa dawa aandike papo hapo, kabla ya kufunga kopo. Mpango wa kichwani, watu watatu ndani ya lupango moja, ndio unaompa mgonjwa dozi mbili. Uzito apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai.

Maumivu ambayo si ya kidonge

Maumivu ya mfupa na misuli yanabadilika ukigeuka, ukikohoa, ukigusa. Yanapungua wiki hadi wiki. Haya yafuatayo usiyafunike kwa dawa, nenda hospitali:

Kifua kubana kama kabla ya upasuaji, kukitembea kwenda mkononi, shingoni au tayani, na jasho baridi. Pumzi kukatika akiwa amekaa. Kuzirai, au moyo kwenda mbio usitulie. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuchanganyika. Kinyesi cheusi kama lami, au damu isiyokoma.

Yafuatayo piga simu siku hiyo hiyo: joto 38 au zaidi, kidonda kutoa usaha, kuwa chekundu na moto, mfupa wa kifua unaogonga au kucheza anapogeuka, shavu la mguu mmoja (nyuma, chini ya goti) kuvimba na kuuma, uzito kupanda kilo moja kwa siku au mbili kwa wiki, maumivu yaliyokuwa yanashuka kisha yakapanda tena. Kuna jambo lingine linalokuja wiki chache baadaye: kifua kuchoma anapovuta pumzi au kulala chali, kunapungua akiinama mbele, na homa kidogo. Ngozi inayouzunguka moyo inaweza kuwa imevimba, na ina tiba yake maalumu. Hapo ndipo watu wanakimbilia diklo tena.

Kushuka ngazi

Dawa kali ndiyo ya kwanza kuondoka, parasetamoli ya mwisho. Wengi wanaiacha tramadoli ndani ya wiki moja hadi mbili baada ya kufika nyumbani. Punguza dozi moja moja: toa ya mchana kwanza, kisha ya asubuhi, bakiza ya kabla ya kulala, halafu hiyo nayo. Kama ameinywa kila siku kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla. Atatoka jasho, atatetemeka, atakosa usingizi, na atadhani ugonjwa umerudi. Mpigie daktari mpange. Baada ya hapo, parasetamoli ya saa inageuka kuwa ya akihitaji, kisha siku moja unakuta daftari lina kurasa tupu.

Papa aliacha tramadoli siku ya kumi na tatu nyumbani. Juni ilipoingia na baridi ya asubuhi, kifua kilikaza tena. Tukaongeza blanketi na parasetamoli mbili kwa siku, wiki moja, ikatosha.

Vilibaki vidonge vya njano kumi na vinne. Baba mdogo, ambaye sasa alikuwa ameacha kununa, aliviomba kwa ajili ya mgongo wake. Nikamwambia aje dukani, nimpime presha kwanza. Vile vya njano nilivirudisha farmasi, kwenye boksi la dawa za kuteketezwa. Kama huna farmasi inayopokea, vichanganye na majivu yaliyolowa, funga ndani ya mfuko, tupa mahali mtoto hafiki, na futa jina la mgonjwa kwenye pakiti.